Kishikizo cha Shingoni na Pointi 0.79: Uchambuzi wa Kisa cha Papadakis na Cizeron, Olimpiki ya 2018

Tarehe 19 Februari 2018, katika ukumbi wa barafu wa Gangneung, Korea Kusini, Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron wa Ufaransa walikuwa ndio kwanza wameanza dansi yao fupi, sehemu ya kwanza ya shindano la dansi ya kuteleza barafuni. Kishikizo kilichofunga gauni la Papadakis nyuma ya shingo kikaachia. Gauni lilikuwa la kijani, la mtindo unaoning'inia shingoni, kwa hiyo kishikizo hicho kimoja ndicho kilichobeba sehemu yote ya mbele. Alieleza baadaye kwamba alihisi mara moja kimeachia, na kwamba kilichobaki ni kuomba Mungu na kuendelea. Wakaendelea hadi noti ya mwisho, kifua kikiwa hatarini kuonekana mbele ya kamera za dunia nzima, na kwa muda mfupi kikaonekana.

Walipata alama 81.93. Tessa Virtue na Scott Moir wa Kanada walipata 83.67. Kesho yake kwenye dansi huru, sehemu ya pili na ya mwisho, Wafaransa waliweka rekodi ya dunia, 123.35, na Wakanada wakapata 122.40. Jumla: Kanada 206.07, Ufaransa 205.28. Dhahabu ikaenda Kanada kwa tofauti ya pointi 0.79.

Tangu siku hiyo habari imesimuliwa kwa sentensi moja: kishikizo kiliwanyang'anya dhahabu. Ni sentensi tamu, na hesabu haiikatai moja kwa moja, lakini haiikubali yote pia. Ukizipanga alama za msimu ule utaona kwamba kishikizo kiligonga mahali ambapo jozi hii ilikuwa haina akiba hata kabla ya kuingia barafuni.

Walikuwa wanatokea wapi

Papadakis alizaliwa Clermont-Ferrand mwaka 1995, Cizeron alizaliwa Montbrison mwaka 1994. Kocha wao wa kwanza alikuwa Catherine, mama yake Gabriella. Baadaye wakahamia Lyon kwa Romain Haguenauer, na mwaka 2014 wakamfuata Montreal, kwenye kambi anayoiongoza pamoja na Marie-France Dubreuil na Patrice Lauzon. Mashindano ya dunia ya 2014 waliyamaliza nafasi ya 13. Mwaka mmoja baadaye, Shanghai, walikuwa mabingwa wa dunia, mmoja ana miaka 19 na mwingine 20. Katika mchezo ambao kwa kawaida majaji huipandisha jozi ngazi moja moja kwa miaka mingi, kuruka kutoka nafasi ya 13 hadi ya kwanza ndani ya msimu mmoja si jambo la kila siku. Agosti 2015 Papadakis alianguka mazoezini akapata mtikisiko wa ubongo, wakakosa Grand Prix, ule mfululizo wa mashindano ya kila msimu, kisha wakarudi na kutwaa ubingwa wa Ulaya na wa dunia tena mwaka 2016.

Halafu Virtue na Moir wakarejea. Hawa walikuwa mabingwa wa Olimpiki wa 2010 na washindi wa fedha wa 2014, wakapumzika misimu miwili, na waliporudi walichagua kambi ile ile ya Montreal. Kwa hiyo wapinzani wakuu wawili wa dunia walikuwa wanafanya mazoezi chini ya paa moja na kufundishwa na watu wale wale. Siku ya mashindano kocha anaisindikiza jozi moja hadi ukingoni mwa barafu, anarudi nyuma ya pazia, anaichukua nyingine.

Tofauti yao ilijulikana. Wakanada walikuwa hatari kwenye dansi fupi: midundo iliyopangwa, hatua za lazima, ucheshi, nguvu. Wafaransa walitawala dansi huru, ambako walikuwa na nafasi ya kuteleza kwa mistari mirefu bila mahali unapoona kiungo kimoja cha dansi kinaishia na kingine kinaanzia. Mashindano ya dunia ya Helsinki 2017 ndiyo picha kamili: kwenye dansi fupi Wafaransa 76.89, Wakanada 82.43, kwenye dansi huru Wafaransa 119.15, Wakanada 116.19. Yaani waliingia siku ya pili na deni la pointi 5.54, wakalipa 2.96, wakakosa ubingwa. Hapakuwa na kishikizo chochote kilichokatika Helsinki.

Hesabu ya msimu

Msimu wa 2017/18 walijenga upya dansi fupi, na ilifanya kazi. Dansi zao fupi za msimu huo hadi mwezi mmoja kabla ya Olimpiki zilikuwa hivi: China 81.10, Ufaransa 81.40, fainali ya Grand Prix mjini Nagoya 82.07, ubingwa wa Ulaya mjini Moscow 81.29. Ni alama zilizokaa pamoja kama vidole vya mkono mmoja. Jumla zao zilivuka 200 mara zote nne, na China ndiko ilikokuwa mara ya kwanza kwa jozi yoyote duniani kufika huko.

Sasa tazama 81.93 ya Gangneung. Mwanamke anateleza akiwa na gauni lililofunguka, na bado alama inakuwa ya pili kwa ukubwa kati ya tano za msimu hadi siku hiyo. Ukilinganisha na Nagoya walishuka kwa 0.14 tu. Waliobadilika ni Wakanada: Nagoya walipata 81.53, na Gangneung 83.67, yaani walipanda kwa 2.14. Hata kwenye barafu ile ile, siku nane kabla, katika shindano la timu, ambako nchi hushindana kwa pamoja, Virtue na Moir walikuwa wamepata 80.51. Walilitumia shindano la timu kuizoea barafu, mwanga na umbali wa kuta. Ufaransa ilipeleka jozi nyingine kwenye shindano hilo, hivyo Papadakis na Cizeron walikuwa wanashindana humo kwa mara ya kwanza tarehe 19.

Je, walihitaji kiasi gani ili washinde? Ukichukua jumla ya Kanada, 206.07, ukaondoa dansi huru ya Ufaransa, 123.35, unabaki na 82.72. Walihitaji angalau hiyo, kwa sababu jumla zikilingana, mwenye dansi huru kubwa ndiye mshindi. Na katika mashindano yao yote kabla ya hapo dansi fupi kubwa kabisa waliyowahi kupata ilikuwa 82.07. Kwa maneno mengine, hata gauni likiwa salama, dhahabu ilidai waivunje rekodi yao wenyewe kwa angalau pointi 0.65.

Kuna upande wa pili wa hesabu ambao hausemwi sana. Nagoya walikuwa wameishinda Kanada kwenye dansi huru kwa 1.76. Gangneung waliishinda kwa 0.95, ingawa waliweka rekodi. Kama pengo la Nagoya lingejirudia, deni la 1.74 lingelipwa na dhahabu ingekwenda Ufaransa kwa pointi 0.02. Kwa hiyo anayetafuta 0.79 zilikopotea asiishie kwenye gauni. Sehemu yake iko kwenye ile dansi huru ya Wakanada, bora kuliko zote walizowahi kuteleza msimu ule, na hakuna fundi wa nguo anayeweza kulizuia hilo.

Lakini kuna ushahidi unaorudi kwenye kishikizo. Mwezi mmoja baadaye, Machi 2018 mjini Milan, kwenye mashindano ya dunia, jozi hii ilicheza dansi fupi ile ile, gauni likiwa limetulia. Alama: 83.73. Ni pointi 1.80 zaidi ya Gangneung, na 0.06 juu ya ile ya Virtue na Moir. Majaji hawakuwa wale wale na Wakanada hawakuwepo, kwa hiyo huwezi kuihamisha alama ya Milan ukaibandika Korea. Inachoonyesha ni kwamba 82.72 haikuwa ndoto. Dansi ilikuwa na nafasi ya kufika huko.

Kishikizo kinakula alama kwa njia gani

Hakuna mstari kwenye karatasi ya majaji ulioandikwa "gauni limefunguka". Kifungu cha kukata pointi 1.00 kinahusu mavazi yasiyo ya heshima au kipande cha vazi kuanguka barafuni, na hapa hakuna kilichoanguka. Hasara inapita mlango mwingine.

Wakati ule kila kiungo, yaani kila tendo la dansi lenye alama yake, kilipewa daraja la ubora kutoka −3 hadi +3 na majaji tisa. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zilitupwa, saba zilizobaki zikatafutiwa wastani. Juu ya hapo kulikuwa na vipengele vitano vya utunzi na utendaji, kila kimoja kati ya 10 kwa hatua za 0.25, vikizidishwa kwa 0.80 kwenye dansi fupi na 1.20 kwenye dansi huru. Jaji mmoja akipunguza 0.25 kwenye kipengele kimoja cha dansi fupi, unapoteza chini ya 0.03. Jopo zima likipunguza 0.25 kwenye vipengele vyote vitano, unapoteza pointi 1.00 kamili. Tofauti ya dhahabu na fedha ilikuwa ndogo kuliko hiyo robo. Shingo iliyokaza kidogo, mkono usionyooka hadi mwisho, tabasamu lililochelewa: jaji hahitaji kuamua kukuadhibu, anaandika 9.50 mahali ambapo angeandika 9.75.

Dansi fupi ya msimu ule ilikuwa ya midundo ya Kilatini na ilidai sehemu ya lazima iitwayo Rhumba, iliyobuniwa London miaka ya 1930. Rhumba hutelezwa katika mshiko wa Kilian: wawili bega kwa bega wakitazama upande mmoja, mwanamke kuliani, mkono wake wa kushoto umepita mbele ya mwanamume na kushikwa huko, na mkono wake wa kulia umebanwa kiunoni pake na mkono wa kulia wa mwanamume. Mikono yote miwili ya mwanamke haiko huru. Gauni likiteleza hapo hana cha kulizuia isipokuwa kubadilisha mkao wa mabega, na mkao wa mabega ndio unaoendesha ukingo wa ubapa chini ya kiatu. Jopo la ufundi linatazama hatua kadhaa maalumu ndani ya Rhumba kama kingo zake ni safi. Ukingo ukibadilika kabla ya wakati wake, kiwango cha ugumu kinachohesabiwa kinashuka, na alama nacho.

Kisha zipo twizo, ile mizunguko ya haraka ya mguu mmoja huku wachezaji wakisonga mbele kwa pamoja. Kinachoipandisha twizo ni mikono: juu ya kichwa, nyuma ya mgongo, popote pale mbali na mkao rahisi. Kuinua mikono kunainua kifua na kulegeza kamba ya shingoni. Kiungo kinachohitaji utulivu mkubwa kuliko vyote ndicho kinacholishusha gauni.

Kusimama au kuendelea

Watu wengi waliuliza kwa nini hawakusimama. Kanuni inaruhusu: vazi likiharibika mchezaji anaweza kusimama, akaripoti kwa refa, akapewa hadi dakika 3 kurekebisha, kisha akaendelea pale alipoishia. Bei yake ni pointi 5.00. Kama tatizo ni la ukumbi, mfano taa kuzimika au muziki kukatika, hukatwi kitu. Gauni lakini ni mali yako, na kasoro yake ni yako.

Piga hesabu. Wangesimama, na kila kitu kingine kikaenda vizuri kama Milan, wangepata 78.73. Hiyo ingewaacha nafasi ya pili usiku ule, kwa sababu wa tatu, Madison Hubbell na Zachary Donohue wa Marekani, walikuwa na 77.75. Fedha ingebaki salama. Dhahabu ingetoweka kabisa, kwani wangehitaji dansi ya angalau 87.72 kabla ya kukatwa, na jozi yoyote duniani haikuwahi kukaribia alama hiyo. Kuendelea kulikuwa ndiyo njia pekee iliyoacha dhahabu hai. Kwa upande wa alama uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ulifanywa na mtu aliyekuwa anateleza kwa kasi huku akihesabu mdundo. Kwa upande wa utu, gharama aliilipa yeye peke yake: picha zilizunguka mitandaoni kwa siku nyingi, na kuna waliozichapisha bila hata kuziba.

Kosa lilifanyika kwenye meza ya fundi

Fundi yeyote wa magauni ya harusi anaijua tabia ya kishikizo cha ndoano. Kinashika kikivutwa; kinachomoka kikilegea. Ukikijaribu kwa kukivuta utadhani ni imara kama kufuli, kwa sababu unakijaribu kwa nguvu ile ile inayokifunga. Hatari iko pale kamba ya shingo inapolegea kwa nusu sekunde, ndoano ikateleza kutoka kwenye tundu lake, halafu kitambaa kinachovutika kikavuta tena na kukuta hakuna kilichoshikwa. Sababu za kulegea ni nyingi barafuni: mikono kwenda juu, kichwa kutupwa nyuma, mwanamume kuweka kiganja kati ya mabega ya mwenzake, jasho kulainisha kitambaa, uzito wa vito vya kioo kuvuta upande mmoja.

Jaribio la maana kwa hiyo si kuvuta. Mchezaji avae vazi lenyewe, si la mazoezi, acheze programu nzima angalau mara kadhaa hadi atoke jasho, na fundi asimame kando akitazama shingo tu. Baada ya hapo arudie miinuko na twizo peke yake, mikono ikiwa juu, na fundi apitishe kidole chini ya kamba. Kidole kikipita kwa ulegevu, ndoano moja haitoshi. Kinachowekwa ni ndoano mbili zinazotazamana pande tofauti, ili mwendo unaoifungua moja uifunge ya pili. Au ndoano pamoja na kifungo cha kubana chini yake. Au mshipi wa lastiki wa rangi ya ngozi unaopita mgongoni na kubeba mbele hata shingo ikiachia. Huo wa mwisho ndio bora, kwa maoni yetu, kwa sababu hautegemei mtu kukumbuka kitu siku ya mashindano.

Njia rahisi kuliko zote ni sindano na uzi. Mchezaji anavaa, kishikizo kinafungwa, kisha kinashonwa juu yake mishono sita au saba ya uzi mnene, fundo linafichwa ndani. Ifanywe kabla ya kufunga viatu, mchezaji akiwa amesimama na mikono ameinua, maana ukishona mikono ikiwa chini shingo itambana barafuni. Baada ya dansi unakata kwa mkasi. Usumbufu pekee ni choo, na huo unapangwa.

Kinachofanya kisa hiki kisisameheke kirahisi ni kwamba onyo lilikuwa limeshatolewa, kwenye barafu ile ile. Tarehe 11 Februari, katika shindano la timu, kishikizo cha gauni la Yura Min wa Korea Kusini kilikatika mwanzoni mwa dansi fupi. Yeye na Alexander Gamelin walipata 51.97. Min akaahidi kwamba mara nyingine angejishonea ndani ya vazi. Kwenye shindano la jozi, tarehe 19, walipata 61.22. Pointi 9.25 kwa mishono michache, ingawa bila shaka si zote zilitoka kwenye uzi. Siku nane zilitosha kwa kila timu kukagua shingo za magauni yao.

Baada ya hapo

Milan waliondoka na ubingwa wa dunia kwa jumla ya 207.20, zaidi ya ile iliyoipa Kanada dhahabu. Saitama 2019 wakashinda tena. Januari 2020 mjini Graz wakapoteza ubingwa wa Ulaya kwa Victoria Sinitsina na Nikita Katsalapov wa Urusi kwa pointi 0.14, vazi likiwa zima kabisa. Tofauti ndogo kuliko ile ya Korea, na hakuna aliyepata kitu cha kulaumu. Msimu wa 2020/21 hawakushindana.

Beijing, Februari 2022, dansi fupi ilikuwa imeshabadilishwa jina na kuitwa dansi ya mdundo, na wao walikuja na miondoko ya waacking, mtindo wa vilabu vya Marekani ambao mikono haitulii hata sekunde moja. Sehemu ile iliyokuwa udhaifu wao Helsinki na balaa lao Gangneung iliwapa 90.83, rekodi ya dunia wakati huo. Walikwenda kwenye dansi huru wakiongoza kwa 1.98, na dhahabu wakaichukua kwa 6.47.